Historia Fupi ya Mfuko wa Kukandia

Wanahistoria wetu wameandika habari za watemi, za misafara, za vita na za reli. Hawakukosea, maana mambo hayo ndiyo yaliyogeuza maisha ya watu. Lakini katika miaka mingi ya kufundisha nimeona kwamba mwanafunzi huyasahau upesi majina ya magavana, ila hasahau kitu alichokishika mkononi. Kwa sababu hiyo nataka kueleza hapa historia ya kitu kidogo ambacho hakimo katika kitabu chochote cha shule nilichopata kukisoma: mfuko wa kitambaa uliotiwa nafaka au mbegu, ambao hupashwa moto na kuwekwa mahali penye maumivu. Hapa kwetu Mkonze tunauita mfuko wa kukandia. Mke wangu huushona kwa vipande vya vitambaa, naye huutoa uwe zawadi kwa wanawake waliojifungua, kwa wazee wenye migongo mibovu, na kwa jirani yeyote anayeteswa na viungo wakati wa kipupwe.

Huenda msomaji akauliza, je, mfuko kama huo unayo historia gani? Jibu langu ni kwamba ndani yake mna vitu viwili, yaani nguo na nafaka, na vitu hivyo viwili vilikuwa adimu katika Ugogo kwa muda mrefu sana. Zawadi ya namna hii huwezekana pale tu ambapo nguo imepatikana hata ikabaki, na nafaka imepatikana hata ikabaki. Wazee wetu wengi hawakuiona siku ya namna hiyo. Hilo ndilo ninalotaka kulionyesha.

Kwanza nieleze kukanda kwenyewe. Neno hili ni la kale katika Kiswahili, na kila nyumba inalijua. Mtu akiteguka, akiumwa kiuno, au akijifungua, hukandwa. Huko pwani mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto na kitambaa katika siku zake arobaini, na mkunga au bibi ndiye anayeisimamia kazi hiyo. Penye maumivu makavu, kama ya goti, wengi hukaanga chumvi katika chungu, wakaifunga kitambaani, wakaigusisha taratibu. Sisi wa bara tulikuwa na jiwe la motoni lililofungwa kwa kitambaa, na tulikuwa na chumvi pia, kwa kuwa Ugogo ni nchi ya chumvi: wazee waliichemsha kutokana na udongo wa mbuga za upande wa Bahi, wakaiuza mbali.

Tena baridi ya Dodoma si mzaha. Wageni waliozoea kusikia kwamba Dodoma ni nchi ya jua kali hushangaa wanapofika mwezi wa Juni au Julai. Tuko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,000, miti ni michache, na upepo wa miezi hiyo hauna wa kuuzuia. Wazee waliijua hali hiyo, na nyumba ya tembe ilijengwa kwa kuipa jibu: kuta nene za udongo, paa bapa la udongo, madirisha madogo au hakuna kabisa, na ng'ombe ndani ya ua uleule. Tembe hula joto la jua mchana kutwa na kulirudisha usiku. Mfuko wa kukandia nao hufanya kazi hiyohiyo. Haufanyi joto, bali hulikopa motoni na kulilipa polepole mwilini.

Wala sisi si watu wa pekee katika jambo hili. Wakulima wa Uswisi, nchi yenye baridi tusiyoweza kuifikiri, walikusanya kokwa za matunda ya cheri, wakazitia katika mifuko ya kitambaa na kuziweka juu ya jiko, kisha wakaingia nazo kitandani. Huko Ulaya wengine walitumia matofali ya moto yaliyofungwa kwa nguo. Chupa ya mpira ya maji ya moto, ambayo wengi wetu tuliiona mara ya kwanza mikononi mwa wauguzi wa misheni, ilisajiliwa mwaka 1903 na Slavoljub Penkala, mvumbuzi aliyeishi mjini Zagreb. Wajapani walishika mawe ya moto vifuani tangu zamani, na mnamo mwaka 1978 wakaanza kuuza vifuko vya unga wa chuma, ambavyo hupata moto vyenyewe vikifunguliwa, kwa sababu chuma kinapoingia kutu hutoa joto. Kwa hiyo fikra ni moja duniani kote. Kinachotofautiana ni kile ambacho kila watu walikuwa nacho cha kubakiza.

Sasa na tuitazame nguo. Mababu zetu walivaa ngozi. Mtoto alibebwa kwa ngozi ya mbuzi, na mwanamke alivaa ngozi iliyolainishwa kwa mafuta. Nguo ilikuja na misafara. Katika karne ya 19 njia kubwa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katikati ya Ugogo. Burton na Speke waliipita mwaka 1857, na Stanley akaipita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Misafara iliiogopa nchi yetu kwa mambo mawili: uchache wa maji, na hongo. Siku hizo neno hongo halikuwa na maana ya rushwa tu kama leo. Lilikuwa ada ambayo mtemi aliidai kwa haki, kwa kuwa maji ya visima na chakula cha njiani vilikuwa vyake na vya watu wake. Na ada hiyo ililipwa hasa kwa nguo.

Nguo zenyewe zilikuwa za namna nyingi, lakini mbili zilishinda. Ya kwanza ni merikani, yaani nguo nyeupe isiyosafishwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na tangu hapo nguo hiyo ilienea bara mpaka jina la nchi likawa jina la nguo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipoizuia pamba, nguo za Uingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake, lakini jina halikubadilika. Ya pili ni kaniki, nguo ya Bara Hindi iliyotiwa nili. Hizo zilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono 4 ilifanya shuka, na mikono 8 ilifanya doti. Katika nchi yetu shuka haikuwa vazi tu. Ilikuwa fedha. Mtu angeweza kuilipa kwa mbuzi, kwa asali, au kwa nafaka.

Msomaji na afikiri kidogo hapa. Mahali ambapo nguo ni fedha, hapana kipande cha kutupwa. Nani anayechana noti akampa jirani vipande akandie goti? Nguo ilivaliwa mpaka ikachakaa, ikatiwa kiraka, kiraka kikatiwa kiraka, kisha ikawa mbeleko, kisha ikawa kitambaa cha kushikia chungu, na mwisho ikawa utambi wa taa. Mfuko wa kushonwa kwa ajili ya kustarehesha mgongo haungeweza kuwamo katika safari hiyo ya nguo.

Hata kanga, ambayo leo ni fahari ya wanawake wetu wote, inasimuliwa kwamba ilizaliwa na vipande. Wanawake wa Unguja na Mombasa, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, walinunua leso za rangi zilizokuja zikiwa hazijakatwa, wakaziunga sita pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana. Baadaye wenye maduka wakaona faida, wakaagiza nguo ya namna hiyo ikiwa nzima. Ndiyo sababu Mombasa kanga huitwa leso hadi leo. Hivyo anayedhani kwamba kuunga vipande ni kazi ya maskini asiyejua mitindo, akumbuke kwamba nguo yetu ya heshima kuliko zote ilianzia hapo.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, na maduka ya nguo yakaongezeka mjini. Lakini adha ya nguo haikwisha. Wakati wa vita vya mwaka 1914 nguo za ng'ambo ziliacha kuja, na watu wengi walirudia ngozi. Vita vya pili vilileta uhaba wake. Baada ya Uhuru serikali ilijenga viwanda ili nchi ijivike yenyewe kwa pamba yake. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, na cha Mwanza kikaanza mwaka huohuo. Mimi nilitoka chuo cha ualimu muda mfupi baadaye, na shati langu la kwanza la kazi lilikuwa la Urafiki. Nililivaa kwa kiburi kidogo, kwa maana lilikuwa letu.

Kisha ikaja ile miaka migumu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta, na kuharibika kwa viwanda vyetu vilifanya bidhaa zitoweke madukani. Vijana wa leo hawawezi kuamini. Sabuni ilikuwa habari, na sukari ilikuwa siri. Mwaka 1983 ilipigwa vita ya wahujumu uchumi, na watu wengine waliogopa hata kuonekana na jora nyumbani. Katika shule niliyokuwa nikifundisha tulipata mgawo wa kitambaa kutoka duka la kijiji, nao haukuwatosha walimu wote. Tulipiga kura kwa vikaratasi. Mwalimu mmoja mwanamke, mja mzito, alikosa, na wenzake wawili waliopata wakakata vyao kila mmoja mkono mmoja na nusu wakampa, ili apate cha kumpokelea mtoto. Suruali ya mmoja wao ikawa kaptura. Hatukucheka.

Tangu mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mitumba ikafurika. Hapo ndipo hali iligeuka kabisa. Nguo zilipatikana kwa bei ya mtu wa kawaida, lakini viwanda vyetu vikadhoofika, na kwa hilo mimi bado nasikitika. Hata hivyo ukweli usemwe: kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii, maskini wa Ugogo alikuwa na nguo ya kubadilisha. Mafundi cherehani walioketi barazani walianza kufagia vipande kila jioni na kuvichoma. Mke wangu alivikuta hapo. Alimwomba fundi mmoja asivichome, na fundi akashangaa kwamba takataka yake inaombwa kwa adabu. Tangu siku hiyo akawa anamwekea katika mfuko wa sandarusi, vipande vya kitenge, vya kanga, vya kaki za wanafunzi na vya shuka za vitanda.

Upande wa nguo tumefika. Upande wa nafaka ndio mzito zaidi, na hapo naomba msomaji anisikilize kwa makini.

Yapata mwaka 1999 mke wangu alishona mifuko ya kwanza kumi na miwili. Kila mmoja ulikuwa na urefu wa shibiri moja na nusu, na upana usiozidi shibiri moja. Aliijaza mtama, nafaka kavu na yenye punje za mviringo, ambazo hutelezana na kuufanya mfuko ulale vizuri juu ya goti au bega. Aliipanga juu ya mkeka uani. Mama yake, marehemu mama mkwe wangu, alikuwa amekuja kututembelea. Kwa heshima ya ukwe mimi sikuketi nao. Nilikuwa chumbani na madaftari yangu, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia.

Mama aliuinua mfuko mmoja, akaupima kwa mkono kama wanawake wanavyopima nafaka sokoni. Akauliza, “Mwanangu, humu mna nini?” Mke wangu akajibu, “Mtama, mama. Ni wa kukandia.” Kukawa kimya. Kisha mama akasema, “Hiki ni kibaba. Ni mlo wa mtu wa siku moja. Unakanda goti kwa mlo wa mtu?”

Mama yule hakuwahi kusoma shule, lakini kipimo chake kilikuwa sahihi kuliko alivyojua. Wasafiri wa karne ya 19 wameandika kwamba posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, yaani kama ratili moja na nusu. Kwa kibaba hicho mtu alibeba mzigo kutoka asubuhi mpaka kambi. Mfuko aliokuwa ameushika ulikuwa na uzito huohuo.

Kisha akaeleza sababu ya uchungu wake. Mwaka 1919 mama yake mzazi alikuwa mtoto wa kike wa kama miaka kumi. Hiyo ilikuwa njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, na waandishi wa historia wameifasiri kuwa ni kugombania. Ilianza na vita. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipokuja mwaka 1916 nao wakachukua. Ghala zilipokwisha mvua nazo zikakatika, na watu waliodhoofika wakapatwa na maradhi. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1917 na 1920 walikufa watu wapatao 30,000 katika watu 150,000 wa sehemu hizi, ndiyo kusema mtu mmoja katika kila watano. Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917, alizaliwa ndani ya miaka hiyo. Yeye alikua akatuandikia kitabu cha historia na mila za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Wengi waliozaliwa pamoja naye hawakupata kuandika chochote.

Wakati huo ziko familia zilizowaweka watoto kwa wenye chakula ili wote wapone. Mtoto yule wa kike alikuwa mmoja wao. Baba yake alimpeleka kwa watu wenye akiba, akapewa kapu moja la uwele, akarudi nalo kwa wadogo zake. Baada ya misimu miwili alikuja kumkomboa kwa mbuzi. Alikuta mtoto yu hai, na wadogo zake nyumbani walikuwa hai pia. Mama mkwe wangu alikuwa amesimuliwa habari hiyo na mama yake mwenyewe, bila machozi na bila kumlaumu mtu. “Kapu lile,” alisema, “lilikuwa kama mifuko hii yako yote ikiwa pamoja. Ndiyo bei ya mama yangu.”

Mke wangu hakubishana. Kesho yake alifumua mshono wa mifuko yote kumi na miwili, akamimina mtama katika ungo, akaupeta, na tukaula ugali wa mtama siku kadhaa. Nilitamani kusema kwamba nyakati zimebadilika, kwamba gunia la mtama liko sokoni Majengo, na kwamba nafaka iliyobunguliwa na fukusi ingeweza kutumika bila hasara kwa mtu. Hoja hizo ni za kweli. Lakini kuna jambo ambalo ni kubwa kuliko hoja. Chakula katika nchi ya ukame si mali ya yule tu anayekimiliki leo. Kina kumbukumbu ya wale waliokikosa, na mtu mzima mwenye kumbukumbu hiyo ana haki ya kusikilizwa. Mvua yetu ya mwaka mzima haifiki mara kwa mara milimita 600, nayo huja kati ya Desemba na Aprili basi. Anayeiita njaa hadithi ya kale haijui Dodoma.

Ikabidi kutafuta kitu kingine. Mama mwenyewe alipendekeza chumvi, kama zamani. Chumvi ya mawe ilifanya kazi, ila ilivuta unyevu wakati wa masika na kuozesha kitambaa. Mchanga uliooshwa nao ulijaribiwa. Ulipenya katika mshono na kuacha vumbi kitandani. Nilimweleza mke wangu kile nilichokuwa nikiwafundisha wanafunzi wa sayansi, kwamba vitu havilingani katika kubeba joto: uzito kwa uzito, maji hubeba joto karibu mara tano kuliko mchanga, na nafaka hubeba kama mara mbili kuliko mchanga, kwa sababu punje ina mafuta na unyevu kidogo ndani yake. Alinisikiliza kwa uvumilivu, kisha akasema, “Mwalimu, unanieleza kwa nini mtama ulikuwa bora. Nieleze kilicho kama mtama na ambacho hakuna mtu aliyelala njaa kwa kukikosa.”

Jibu lilikuwa limetapakaa uani. Watoto wa jirani walikuwa wamemumunya ubuyu na kutema kokwa kila mahali. Mbuyu ndio mti wa nchi hii. Unga wake ni chakula, majani yake ni mboga, gome lake ni kamba, lakini kokwa nyingi hutemwa chini baada ya kumumunywa. Mke wangu alizikusanya, akazisugua kwa maji mpaka nyuzi zote zikatoka, akazianika juani kwa siku tatu, na kuzipasha katika kikaango kwa moto mdogo. Zilikuwa ngumu, zenye umbo la figo dogo, na zilihifadhi joto vizuri, zikitoa harufu kidogo kama ya karanga. Bila kujua habari za Waswisi na kokwa zao za cheri, alikuwa amefika walikofika wao. Mama mkwe wangu ndiye aliyepewa mfuko wa kwanza wa namna hiyo. Aliupima tena kwa mkono, akacheka, akasema kwamba huu sasa si kibaba cha mtu. Aliutumia mpaka alipofariki mwaka 2011.

Kwa ajili ya wanaotaka kujishonea, nitaeleza machache. Kitambaa kiwe cha pamba tupu. Chomoa uzi uuchome: uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, lakini wa nailoni au tetroni hujikunja na kuwa kidonge kigumu, na kitambaa chake kitayeyuka mwilini mwa mgonjwa. Shona mifuko miwili, wa ndani wa kuhifadhi kokwa, na wa nje wa kuvuliwa na kufuliwa. Unga vipande vikubwa kwa vikubwa na vidogo kwa vidogo, na mshono upigwe mara mbili. Usiujaze hadi ukakaza. Acha theluthi moja tupu. Kokwa zipashwe zenyewe katika kikaango kikavu huku zikikorogwa, kisha zimiminwe mfukoni zikipoa kiasi. Wajukuu zetu walioko mjini huutia mfuko mzima katika maikrowevu kwa dakika moja au mbili, na kikombe cha maji kando yake. Ama wewe unayemkandia mwenzio, uweke kwanza ndani ya mkono wako mwenyewe. Usipoweza kuhesabu hadi ishirini bila kuuondoa, ni moto mno.

Tena si kila ugonjwa hukandwa kwa moto. Jeraha bichi na uvimbe uliotokea leo vyataka baridi. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imepoteza hisia asiwekewe mfuko mguuni, kwa maana ataungua asijue. Wauguzi wameonya mara nyingi juu ya bibi wanaomkanda mzazi kwa maji yanayochemka, na wamesema kweli: mama amekwisha umia, kwa nini aunguzwe? Na mtoto mchanga asilazwe na mfuko wa moto hata kidogo. Mtoto njiti ana mfuko wake bora, nao ni kifua cha mama yake. Madaktari wa Bogotá, nchini Kolombia, walionyesha hivyo mwaka 1978, kwa kuwafunga watoto njiti ngozi kwa ngozi vifuani mwa mama zao, na hospitali zetu sasa zinaifundisha njia hiyo kwa jina la kangaruu. Bibi zetu waliobeba watoto ndani ya ngozi ya mbuzi wasingeshangaa sana.

Mkonze niliyoijua nikiwa kijana ilikuwa mashamba nje ya mji. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, na sasa viwanja vimepimwa penye mashamba ya uwele. Wageni wengi wamehamia, watumishi wa wizara na familia zao, nao hawana shangazi wala bibi wa karibu. Mwanamke wa namna hiyo akijifungua, mke wangu huenda hodi na mfuko wake. Mgeni huuliza bei. Huambiwa kwamba hauuzwi. Huuliza basi alipe nini, na huambiwa kwamba akipona naye atafute vipande amshonee mwingine. Wapo waliofanya hivyo. Mmoja ametuletea mfuko ambao vipande vyake hatukuvitambua, umepita mikono ambayo hatuijui, na mshono wake ni mzuri kuliko wa kwetu.

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo huwekwa katika vitabu vya shule kuwafundisha watoto kuweka akiba, na ni vema. Lakini umri wangu umenifundisha kwamba kujaza kibaba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua ni kibaba cha nini, na ni cha nani. Kibaba cha nafaka kilimfanya mpagazi atembee, na makapu yake yaliokoa nyumba nzima mwaka 1919 kwa gharama ya mtoto mmoja kulala ugenini. Kibaba cha kokwa zilizotemwa, katika kitambaa kilichofagiwa, hakikumnyima mtu kitu. Kama vijana wetu wanataka kujua maana ya neno maendeleo, ambalo tuliliimba sana, mimi nawapa kipimo hiki: ni siku ile ambapo mtu anaweza kumpa jirani yake joto bila kupunguza mlo wa mwingine. Siku hiyo haiji yenyewe, na inaweza kuondoka. Tuihifadhi.